IL-8 kushuka kwa watoto wenye kichocho: pima kwanza antijeni yenyewe

Mkuu mleta uzi, umesema damu ya watoto wenye kichocho wa Mtwara Vijijini uliichanganya na antijeni ya mayai ya kichocho (protini za mayai zinazoamsha kinga), ukailaza kwenye inkubeta hadi asubuhi, ukapima IL-8, protini ya mwili inayoita seli za kinga, kwa kipimo cha ELISA. Namba zikaja chini kuliko visima (vishimo vya sahani ya maabara) visivyo na antijeni. Unauliza kama uandike kwamba kichocho kimefubaza kinga yao. Nakuomba usiandike bado, maana hayo yalinikuta Lindi.

Tulikuwa tunakusanya mikojo shuleni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Tunachuja mililita 10 za kila mtoto, mwenye mayai anatolewa damu, kisha anapewa prazikwanteli. Vikombe vingine vilikuwa vyekundu kama juisi ya rozela. Matokeo ya IL-8 yalikuwa kama yako, na tulifurahi sana, kwa sababu inajulikana kwamba minyoo hutuliza kinga ya mwenyeji wake. Hapo ndipo ulipo mtego. Namba mbovu ikifanana na ulichokitarajia, hakuna anayeihoji.

Kilichonishtua ni damu yangu mwenyewe. Niliitoa iwe kontroli, yaani ya kulinganishia, nami sijawahi kukutwa na yai hata moja, lakini IL-8 yangu ilishuka vilevile.

Nikaandaa mirija mitatu bila tone la damu. Yote niliitia maji ya kukuzia seli na pikogramu 500 za IL-8 ya standadi (iliyo tayari, ya kiasi kinachojulikana) kwa kila mililita. Wa kwanza niliuacha hivyo. Wa pili nikauongezea antijeni ya mayai, mikrogramu 10 kwa mililita, kiasi kilekile tulichowekea damu. Wa tatu nikautia albumini, protini ya kawaida, kiasi hichohicho, nijue kama protini yoyote ingeleta shida. Nilipoweka asidi ya kusimamisha kipimo, visima vya mrija wa kwanza na wa tatu viligeuka njano iliyokolea. Vya mrija wa pili vilikuwa njano hafifu, na mashine ikasoma chini ya nusu. Humo hamkuwa na seli, kwa hiyo hapakuwa na kinga ya kufubazwa. IL-8 niliiweka kwa pipeti yangu, na bado kipimo hakikuiona.

ELISA ya aina hii inategemea kingamwili mbili: moja imeganda chini ya kisima na kuikamata IL-8, nyingine inaikalia kwa juu na kubeba kinacholeta rangi. Kitu kingine kikishaishika IL-8, mojawapo inaweza kukosa pa kushika. Na kitu hicho kipo. Mwaka 2005 ilichapishwa kwamba mayai ya Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, hutoa protini inayoshika kemokini (protini zinazoita seli za kinga), IL-8 ikiwemo, na kuzizuia zisiite seli za kinga. Baadaye ilibainika kuwa ni protini ileile iliyokwisha kufahamika kwa jina la IPSE. Angalia na lebo ya chupa yako: wagonjwa wetu huku wana haematobium, mnyoo wa kichocho cha mkojo, lakini antijeni ya jokofuni kwetu ilitoka kwenye mayai ya mansoni.

Ukiwa na supanatanti (majimaji ya juu uliyoyapima) iliyobaki, izimue mara 2, mara 4, mara 8, kisha zidisha kurudi. Zikilingana, shukuru. Zetu zilipanda kila tulipozimua, dalili kwamba kuna kinachoingilia kipimo. Boksi lingine la ELISA, lenye kingamwili zinazoshika sehemu tofauti ya IL-8, lilitusaidia kiasi tu. Njia ninayoiamini zaidi ni kupima mRNA ya IL-8 (maelekezo ya seli ya kuitengeneza) ndani ya seli zenyewe, kwa sababu huko protini ya mdudu haina cha kuficha. Na upime endotoksini (sumu ya bakteria) kwenye hiyo antijeni, maana hiyo hupandisha IL-8, na makosa mawili yanayovutana huku na huku yanaweza kukupa namba nzuri ya uongo.

Wale watoto walinyoosha mikono wakachomwa sindano, na baadhi walilia. Nisingeweza kuandika kuhusu kinga yao kitu nilichokitengeneza mimi kwenye mrija.

Fanya mirija hiyo mitatu wiki hii, kila mmoja kwa visima viwili, ulete namba hapa tuziangalie.