Kocha, mbona nazidi kuwa mzito? Maswali ya wasomaji kuhusu triathloni ndefu

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 41, najiandaa na triathloni ndefu, ile ya kuogelea km 3.8, baiskeli km 180, afu unamalizia na kukimbia km 42.2. Nina miezi minne sasa, wiki inafika masaa 14 na kila siku najituma kwelikweli, mwili siubembelezi. Cha ajabu mwezi huu nazidi kuwa mzito, sio wa kilo, wa miguu, mwendo niliokuwa nakimbia huku napiga stori sasa unanitoa pumzi, usingizi wa kushtukashtuka, na asubuhi kabla sijatoka kitandani mapigo ya moyo yako juu kuliko zamani. Niongeze mazoezi? – Miguu Mizito

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiongeze hata dakika moja. We mwenyewe umeshajijibu hapo uliposema "kila siku najituma", maana mazoezi yanakubomoa, kinachokujenga ni chakula na usingizi baada ya mazoezi, sasa kama unabomoa kila siku fundi anapata wapi muda wa kujenga?

Wengi wanaoanza hii michezo wanafanya hivo hivo: siku ya mazoezi mepesi wanaenda haraka kidogo kwa sababu wanaona aibu kwenda polepole, afu siku ya mazoezi makali miguu imeshachoka kwahiyo hawafikii ukali wenyewe, mwisho wa wiki kila kitu kiko katikati tu. Mtafiti Stephen Seiler alipoangalia mabingwa wa michezo ya masafa marefu alikuta kama asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi, na mepesi maana yake mepesi kweli, unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuongea, punguza, hata kama anakupita mtu anayetembea na mbwa wake (mi nilishapitwa, na mbwa akageuka kuniangalia).

Kwahiyo wiki hii kata masaa nusu, ukali wote toa, lala mapema. Mapigo ya asubuhi yakirudi chini na hamu ikarudi, anza tena taratibu. Zikipita wiki mbili tatu bado uko vilevile nenda kwa daktari akupime damu, madini ya chuma na tezi ya shingo, maana uchovu una sababu nyingi na mi sio daktari.

Na chakula je? Hukukigusa kabisa kwenye barua yako na hapo ndo nina wasiwasi, maana mtu wa masaa 14 kwa wiki anaweza kula anavyodhani ni vingi na bado akawa anajinyima. Mwili ukikosa nishati unaanza kuzima mambo ambayo kwake sio ya haraka, mwanamke hedhi inapotea, mwanaume hamu ya tendo inashuka, mifupa inadhoofika. Hilo nalo lichunguze.

SWALI: Kocha mi kwenye baiskeli nakula jeli (zile paketi za sukari nzito za wanamichezo) na maji vizuri tu, nikishuka kukimbia tumbo linagoma, nataka kutapika. Niache kula?

JIBU: Hapana dada, ukiacha utaishiwa nguvu km 25 na bado 17 zinakusubiri. Kwanza angalia mwendo wako wa baiskeli, ukikanyaga sana damu inaenda kwenye misuli, tumbo linabaki halina wa kulihudumia na chakula kinakaa tu. Pili, kuna aina mbili za sukari: mlango wa glukosi kwenye utumbo unapitisha kama gramu 60 kwa saa, frukitosi (sukari ya matunda) ina mlango wake, ndo maana mchanganyiko wa hizo mbili unaweza kukufikisha 90. Ila tumbo nalo linafundishwa, anza na kidogo kwenye safari zako ndefu za baiskeli, usijaribu kitu kipya siku ya shindano.

Maji nayo usijaze tu kwa woga, ukinywa kupita kiasi sodiamu (chumvi) kwenye damu inashuka na hiyo inaweza kuua. Jipime uzito kabla na baada ya zoezi refu, ukirudi mzito zaidi ulizidisha. Na kukosa maji sio mchezo pia: shindano la kwanza la Ironman (hiyo hiyo triathloni ndefu) kule Hawaii mwaka 1978, walianza watu 15 wakamaliza 12, John Dunbar wasaidizi wake waliishiwa maji wakampa bia, akamaliza wa pili nyuma ya Gordon Haller. Usiige.

SWALI: Nimemaliza shindano Jumapili, leo Alhamisi sisikii maumivu, nianze kukimbia?

JIBU: Bado. Maumivu yanaondoka mapema, misuli ndani haijamaliza kupona. Ogelea kidogo, tembea, baiskeli ya kupunga upepo, kukimbia subiri angalau wiki nyingine, na mazoezi makali yasahau kwa mwezi hivi. Hongera lakini!