Kabla hujatia urea kwenye kunde, chimbua shina moja

Masika ya mwaka juzi nilipanda kunde kwenye kiwanja cha marehemu babu kule Mtongwe, nikaziharibu kwa bidii yangu mwenyewe. Muuza pembejeo mmoja aliniambia nitie urea, nami nikatia, tena mara mbili. Zilishamiri hizo! Majani mapana, kijani kibichi, kila apitaye anasifu. Maganda sasa, ya kuhesabu kwa vidole.

Jirani yangu, bi mzee aliyelima kunde tangu sijazaliwa, akachimbua shina langu moja na lake moja. Mizizi yake ilijaa vinundu, vingine vikubwa kuliko punje ya mtama. Akapasua kimoja kwa ukucha: ndani wekundu kama nyama mbichi. Vyangu vilikuwa vitatu vinne, vidogo, ndani vyeupe.

"Kunde haitiwi urea, mwanangu. Utakula majani."

Sababu nilikuja kuisoma baadaye. Vinundu ni nyumba za bakteria wanaogeuza naitrojeni ya hewani kuwa amonia, chakula cha mmea. Kazi hiyo ni ghali: molekuli moja ya naitrojeni hula takriban molekuli 16 za ATP, kemikali inayobeba nishati itokanayo na sukari ya mkunde wenyewe. Mkunde ukikuta naitrojeni imeshamwagwa udongoni (na urea ni asilimia 46 naitrojeni), ya nini kulisha wageni? Hupunguza vinundu. Hata bakteria wanaojitegemea udongoni, kama Azotobacter, huzima jeni za kazi hiyo amonia ikiwa tele.

Ule wekundu ni protini ya ukoo mmoja na ile ya damu yetu. Kimeng'enya, yaani protini ya bakteria inayofanya kazi ya kunasa naitrojeni, huharibiwa na oksijeni, na bakteria nao lazima wapumue, kwa hiyo protini hiyo huwapimia oksijeni kidogo kidogo. Maji yakituama shambani, hata hiyo kidogo hukatika, kazi ikalala. Ndiyo maana siku hizi napanda juu ya matuta.

Basi kunde zikikaribia maua, chimbua shina kwa jembe. Usivute, vinundu vitabaki chini. Osha, pasua. Ukiona wekundu, mfuko wa urea rudisha dukani. Kama unalima mboga ya majani tu, hapo sikugombezi.

Mwaka jana nilivuna, nikakata mashina, mizizi nikaiacha ardhini, nikapanda mahindi papo hapo. Bi mzee alinidai kibaba cha kunde kwa somo lake. Nilimpa viwili.