Jibu: Taa ya kamera inawaka yenyewe

Habari ndugu. Umesema taa ya kamera ya laptop yako ya Windows 11 inawaka yenyewe, na kwenye orodha ya ruhusa huoni programu ya kushuku.

Nenda Mipangilio, Faragha na usalama, Kamera, kisha shuka mpaka chini kabisa. Programu zilizowekwa nje ya Microsoft Store ziko huko, zote chini ya swichi moja, na kila iliyotumia kamera inaonyesha saa iliyoitumia mara ya mwisho. Mimi hapa Moshi ndipo nilipoikuta moja niliyowekewa na fundi kwa flashi. Nilikasirika sana, kompyuta inakaa chumba cha watoto! Niliifuta.

Usitegemee swichi peke yake, baadhi ya programu huipita. Bandika karatasi kwenye kamera leo.