Ushauri kwa Mwanafunzi Anayetaka Kutafiti Ubongo na Afya ya Akili

Wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaotaka kutafiti ubongo, kumbukumbu au afya ya akili huniandikia mara kwa mara, na wengi wao huuliza jambo moja: wajiunge na idara gani. Mwanafunzi wa saikolojia anaogopa kwamba hajasoma mishipa ya fahamu, daktari anadhani kwamba mambo ya ukoo na mila hayamhusu, na mwanatakwimu anasubiri aletewe takwimu zikiwa tayari. Nimefanya kazi ya kuhoji watu, na baadaye ya kuratibu tafiti za namna hii, katika vijiji vya Tanzania kwa miaka mingi, na ushauri wangu haujabadilika. Anza na tatizo linalowasumbua watu wa mahali fulani, ulieleze kwa usahihi, kisha ndipo uulize ni wataalamu gani wanaohitajika ili lieleweke. Idara yako itakupa cheti, lakini tatizo lenyewe halifuati mipaka ya vyuo.

Mfano ninaoutoa kila ninapoulizwa ni wa Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya kifafa baada ya kukuta ugonjwa huo umeenea kwa kiasi kisicho cha kawaida. Wagonjwa wengi walikuwa na makovu ya moto kwa kuwa walianguka jikoni degedege au kifafa kilipowapata karibu na mafiga, na wengine walitengewa vyombo vya kulia kwa sababu ndugu waliamini kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Aliwaona pia watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara bila kukusudia, hali ambayo miongo kadhaa baadaye ilitangazwa sana ilipowakumba watoto wa Sudan Kusini na wa kaskazini mwa Uganda. Daktari huyo alisomea pia magonjwa ya akili na anthropolojia, na mimi naamini kwamba ndiyo sababu aliandika kuhusu aibu, ndoa na upweke wa wagonjwa wake kwa makini yale yale aliyoyatumia kueleza dalili zao.

Hata hivyo, swali la kwa nini kifafa kilikuwa kingi Mahenge kuliko kwingine lisingeweza kujibiwa na daktari wa ubongo aliyekaa na mgonjwa mmoja mmoja. Jibu lilianza kupatikana pale walipoingia watu wa taaluma nyingine kabisa. Mito ya eneo hilo inakwenda kasi, na katika maji ya namna hiyo ndimo wanamozaliana inzi wadogo weusi wanaoeneza ugonjwa wa usubi, ule unaojulikana zaidi kwa kupofusha macho na kuwasha ngozi. Wataalamu wa wadudu walihesabu inzi, wataalamu wa vimelea walipima maambukizi, wanatakwimu walilinganisha kijiji na kijiji, na ikadhihirika kwamba pale ambapo usubi umekithiri, na hasa ambapo watoto huambukizwa vimelea vingi wakiwa wadogo, kifafa nacho huwa kingi. Namna hasa vimelea hivyo vinavyouathiri ubongo bado inachunguzwa katika maabara za nchi kadhaa, lakini hakuna haja ya kusubiri jibu hilo ili watoto walindwe, kwa kuwa dawa ya usubi, ivermectin, ipo na hugawiwa bure vijijini.

Hapa ndipo sehemu ya hadithi hii ninayopenda wanafunzi waitafakari. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa ng'ambo walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba katika vijiji viwili vya Mahenge kifafa kilikuwa bado juu sana, ingawa dawa ilikuwa imegawiwa kwa miaka 20. Mtu anayetazama dawa peke yake angesema kwamba dawa haifanyi kazi. Mtu anayezijua kaya za wakulima huuliza kwanza nani hakuwepo siku ya ugawaji, familia gani zilikuwa zimehamia mashambani kwa msimu, nani aliogopa kuvimba na kuwashwa baada ya kumeza, na nani hakuwahi kuelezwa kwamba dawa ya macho na ngozi inahusiana na kifafa cha mwanawe. Mwaka 2019 ugawaji ulianza kufanywa mara mbili kwa mwaka, na ufuatiliaji uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba visa vipya vya kifafa vilipungua. Maswali ya namna hiyo hayapatikani katika picha ya ubongo hata iwe safi kiasi gani, na bila hayo picha hiyo haimwokoi mtoto yeyote.

Ikiwa unachotaka kutafiti ni utambuzi, yaani kumbukumbu, umakini, lugha na uwezo wa kufikiri, nakushauri usome kwa makini kazi iliyofanyika Wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa ushirikiano wa Hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza. Watafiti hao walitaka kujua ni wazee wangapi wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, yaani dimensia. Walipima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita, na matokeo yaliyotoka mwaka 2013 yalikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa huo. Makadirio hayo ni muhimu, lakini kwa mwanafunzi kilicho muhimu zaidi ni kipimo walichokitengeneza baadaye.

Vipimo vingi vya kumbukumbu vinavyotumika hospitalini vilitungwa kwa ajili ya watu waliokwenda shule. Humtaka mzee anakili maumbo mawili ya pembe tano yaliyopishana, au apunguze saba kuanzia mia moja hadi atakapoambiwa aache. Mama wa miaka 80 ambaye hajawahi kushika kalamu atashindwa kuchora, na kushindwa huko hakutakuambia lolote kuhusu ubongo wake. Timu ya Hai ilibadilisha kalamu kwa njiti za kiberiti: mhoji anapanga njiti kwa mpangilio fulani, na mzee anaupanga upya kwa mkono wake. Aliombwa pia ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, kazi ambayo mfugaji haoni ugeni wowote ndani yake, na akumbuke baada ya muda maneno kumi aliyosomewa. Ili kujua kama uwezo wake wa kila siku umepungua, ndugu waliulizwa kuhusu shughuli anazotarajiwa kuzifanya mzee wa huko, nyumbani, shambani na katika jamii. Kipimo kifupi kama hicho kilihitaji madaktari wa wazee, wauguzi, wanasaikolojia, wanatakwimu na wenyeji wanaojua maisha ya mzee wa Kichaga yalivyo.

Kutokana na niliyoyaona katika kazi yangu mwenyewe, kipimo kizuri bado huharibiwa na mazingira. Kabla hujaandika kwamba mzee amepata alama ndogo, hakikisha kwamba anasikia vizuri, kwamba mtoto wa jicho haujamziba macho, na kwamba chumba kina mwanga. Salimia kwa heshima inayostahili umri wake, keti chini kama yeye ameketi chini, na umwombe mjukuu anayemnong'oneza majibu atoke nje kidogo bila kumfedhehesha. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja jina la kiongozi wa kijiji chake akanyamaza kabisa. Kumbe walikuwa na mgogoro wa shamba na hakutaka jina hilo litoke kinywani mwake. Fomu ilitaka niandike sifuri, na mhoji aliyefundishwa kujaza fomu tu angeiandika. Weka daima nafasi ya maelezo pembeni mwa kila swali, kisha hakikisha kwamba kuna mtu katika timu ambaye kazi yake ni kuyasoma maelezo hayo, kwa kuwa nimeona miradi ambako yaliandikwa kwa uaminifu na hayakufunguliwa tena.

Upande wa afya ya akili una uzito wake wa pekee, na hapa naomba unisikilize vizuri. Wanafunzi wengi hutumia dodoso la PHQ-9 kupima sonona, kwa sababu ni fupi, lina maswali tisa, kila moja linapewa alama kuanzia sifuri hadi tatu, na toleo la Kiswahili lipo. Swali la tisa linauliza kama katika majuma mawili yaliyopita mtu amefikiria kwamba ni heri afe au ajidhuru. Usilipeleke swali hilo kijijini kabla hujajua ni nani atakayempokea mtu atakayejibu ndiyo siku hiyo hiyo: jina la muuguzi, zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, simu inayopokelewa, na gari au pikipiki ya kumfikisha. Mwanasheria naye anahitajika katika maandalizi haya, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na mhojiwa anayelijua hilo ana kila sababu ya kukuficha. Ahadi yako ya kutunza siri lazima iandikwe kwa namna ambayo mtu huyo anaielewa na ambayo wewe unaweza kuitimiza.

Mtu anayeumwa kifafa anaweza pia kuwa na sonona inayotokana na kutengwa, na mzee mwenye sonona anaweza kuonekana kana kwamba amepoteza kumbukumbu. Ukija na dodoso la ugonjwa mmoja utaona ugonjwa mmoja. Kwa hiyo tafuta msimamizi wa pili kutoka idara iliyo mbali na yako, hata kama kanuni za chuo hazikulazimishi, na umpe rasimu ya maswali yako mapema kabla ya kuipeleka kwenye kamati ya maadili. Atakuuliza mambo ambayo wenzako wa idara wameshazoea kutoyauliza. Tumieni muda kukubaliana maana ya maneno mnayoyatumia, kwa kuwa nimekaa katika vikao ambako daktari, mwanasosholojia na mwanatakwimu walikubaliana kwa saa nzima juu ya kupima msongo, kila mmoja akiwa na jambo lake kichwani. Kubalianeni pia mapema nani ataandikwa kama mwandishi wa makala zitakazotoka, wakiwemo waliohoji watu vijijini.

Wahojaji wenyewe wanahitaji kuangaliwa. Kijana anayesikiliza habari za vifo, vipigo na kukata tamaa kutoka asubuhi hadi jioni hurudi nyumbani nazo. Panga kikao cha kila wiki ambamo wahojaji wanazungumza na mtaalamu wa ushauri nasaha asiye mkubwa wao wa kazi, ili wasiogope kwamba machozi yao yatawanyima mkataba.

Mwisho ni bajeti, ambayo wanafunzi huiandika harakaharaka usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Utafiti unaogundua wagonjwa unawajibika kwao. Kama utawaanzishia watu wenye kifafa dawa ya fenobabitoni, ujue kwamba kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo zinazohatarisha maisha, na mradi wako una tarehe ya kuisha. Kaa na mganga mkuu wa wilaya kabla ya kuanza, mkubaliane zahanati ipi itaendelea kutoa dawa hiyo, nani ataiagiza, na kwa fungu gani, na makubaliano hayo yaambatanishwe na andiko lako. Yasipopatikana, punguza ukubwa wa sampuli hadi idadi ya wagonjwa ambao wilaya inaweza kuwahudumia.