Ukipeleka wanafunzi Japani, waandae kwa kuishi nyumbani kwa watu

Walimu wenzangu, niliongoza wanafunzi 12 kwenda Japani kwa siku 10. Siku 4 tulikuwa Tokyo na Kyoto, na siku 6 watoto walikaa wawili wawili kwenye nyumba za wenyeji karibu na Hiroshima. Miezi yote ya maandalizi nguvu zangu ziliishia kwenye viza, tiketi na ratiba, na hapo nilikosea. Kwenye treni mtoto yuko na mwalimu wake. Nyumbani kwa watu, usiku, hana wa kumuuliza.

Anza na kuoga. Japani mtu anaoga nje ya hodhi: anakaa kwenye kistuli, anajisugua, anajisuuza mpaka povu liishe, ndipo anaingia kwenye maji ya moto kupumzisha mwili. Maji hayohayo ni ya nyumba nzima, na mara nyingi mgeni hupewa heshima ya kutangulia. Kijana wangu mmoja, mtoto mwenye adabu zake, alipomaliza akachomoa kizibo, akasugua hodhi likang'aa kama alivyolelewa kwao. Anatoka, anamkuta bibi wa nyumba kakaa koridoni, taulo begani, anasubiri zamu yake. Bibi hakusema neno. Alitabasamu, akaingia kujaza maji upya. Kijana alinisimulia kesho yake huku machozi yanamlenga. Kosa lile ni langu, maana dakika tano za maelezo zingetosha.

Wenyeji wengi hawatamwambia mgeni kwamba amekosea, kwa hiyo mzoeze mtoto kuuliza kabla ya kufanya. Lugha isimtishe. Irabu zao ni tano kama zetu na silabi nyingi zinaishia kwa irabu, hivyo watoto wetu wanatamka vizuri mapema sana. Achana na orodha ya maneno 200, wape ya nyumbani. “Ojama shimasu” ni kama hodi yao, maana yake nakuja kuwasumbua. “Itadakimasu” husemwa kabla ya kula. “Tadaima” ni nimerudi, na atajibiwa “okaeri”. Viatu vinaachwa mlangoni, na ndara za choo zibaki chooni.

Chakula kiandikwe wazi kwenye fomu wiki kadhaa kabla. Kwa mtoto Mwislamu, kuandika “hali nguruwe” hakutoshi, kwa sababu kuna mirin, kileo kitamu cha mchele kinachotiwa kwenye michuzi mingi. Mama mwenyeji wa wasichana wangu wawili alitoa chupa zote kabatini, akazipanga mezani, akapitisha kidole kwenye kila lebo huku akiwaonyesha. Usimfiche mtu kama huyo kwa kuona haya.

Makumbusho ya Amani ya Hiroshima panga wayaone wakiwa wameshahamia kwenye nyumba. Mle ndani kuna baiskeli ya matairi matatu ya mtoto mdogo aliyeuawa na bomu la atomiki la 6 Agosti 1945. Mwanafunzi akishaiona hiyo, jioni anahitaji kukaa mezani na familia. Chumba cha hoteli hakimfai.

Zawadi ziwe ndogo na zifungwe vizuri. Kahawa inapendwa, na jina la Kilimanjaro wanalijua kutoka kwenye kahawa. Kanga inapendwa zaidi, ila soma jina lake kabla hujanunua, maana wataulizia. Msichana mmoja alipeleka yenye maneno “Mgeni njoo, mwenyeji apone”. Mama akaitandaza sakafuni, akagusa maandishi, akauliza yanasemaje. Binti alihangaika na Kijapani chake cha miezi mitatu: mgeni, kuja, nyumba, ugonjwa, kupona. Mama akanyamaza kidogo, akachukua kalamu, akamwomba amwandikie maneno yale kwenye karatasi, kisha akaibandika kwenye friji.