Sittanavasal: panda juu asubuhi, michoro itakungoja

Watu kibao huku kwetu hupeleka wagonjwa Chennai, India, wakishamaliza vipimo wanabaki kuzunguka maduka ya sari wakingoja majibu. Mie nilimpeleka mamangu, dadangu akaja kunipokea zamu, nikapata siku 2 zangu, basi nikapanda treni ya usiku pale stesheni ya Egmore hadi mji wa Pudukkottai, na kutoka hapo ni kama kilomita 16 tu hadi kijiji cha Sittanavasal.

Sasa sikiza kosa langu. Nilifika saa sita mchana, tena na ndala. Chini kuna pango lililochongwa mwambani, Arivar Koil, hekalu la Wajaini la karne ya 7 hivi (Wajaini ni watu wa dini moja ya zamani ya India, ndo hao wa lile hekalu jeupe Langoni, Mombasa), nikakaa humo kwenye kivuli weee, nikitoka kupanda kilima jua lishakuwa kali, jiwe linachoma mpaka ukishika reli ya chuma unaiachia mwenyewe. Nusura nirudi.

Kwa hivo wewe anza juu, asubuhi na mapema, na viatu vya kufunga na maji ya kutosha, manake vitanda vya mawe vya watawa huko juu ndo roho ya pale. Panaitwa Ezhadipattam. Unapanda ngazi za kuchonga, unavuka upande wa pili, unaingia chini ya mwamba ambao dari lake liko chini hata kusimama wima ni shida, na hapo sakafuni kuna vitanda 17 vya mawe, vyembamba, vimesuguliwa laini kama jiwe la kusagia, na upande mmoja pameinuliwa kidogo pawe mto. Kimoja kina maandishi ya Kitamil cha zamani, ya karne ya 1 kabla ya Kristo. Watawa walilala hapo, wengine wakifunga kula mpaka roho ikatoka, kwa hiari yao. Nilichuchumaa nikanyamaza tu.

Ukishuka ndo uingie kwenye michoro, mle pangoni Arivar Koil. Usiangalie ukutani, inua kichwa: dari nzima ni bwawa la yungiyungi, kuna samaki, bata, ndovu, na watu wanachuma maua. Imechakaa sana, kwa hivo yape macho yako muda yazoee giza, dakika 5 za kwanza utaona madoa tu. Halafu ingia chumba cha ndani kabisa, ufumbe mdomo uvume mmmm, utasikia sauti inakuzunguka.

Tiketi ya mgeni ni ghali kuliko ya Mhindi, usigombane na mtu, ni hivo nchi nzima. Ila gari patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hujapanda, dereva wangu alinipandishia bei tukiwa katikati ya shamba, ningefanyaje?

Nilimuonyesha mamangu picha ya kile kitanda hapo wodini, akaitazama sana, akaniuliza, "Na shuka je?"