Maswali na majibu: Sikio moja limekufa, na bado hujageuza pande

Hedifoni yangu ya waya haitoi sauti kushoto. Nibadilishe pini au ninunue nyingine?

Swali hili haliishi kuja, na kila anayeliuliza huficha alichokwisha kujaribu. Chomeka hedifoni hiyohiyo kwenye kifaa kingine. Kushoto kukilia huko, hedifoni ni nzima. Mgonjwa ni kifaa. Fungua mipangilio ya ufikivu utazame kitelezi cha usawa wa sauti, maana kidole hukisukuma hadi pembeni bila mwenyewe kujua. Humohumo zima sauti ya mono, kwa kuwa ikiwa imewashwa pande zote mbili hupata kitu kimoja na jaribio lako la kushoto na kulia halikuambii chochote. Kisha mulika tundu kwa tochi. Manyoya ya mfukoni hushindiliwa humo hadi pini isifike mwisho; zima kifaa uyachokoe kwa kijiti cha meno, si kwa sindano.

Kushoto kukiwa kimya kila mahali, ukunje waya polepole pale unapotokea kwenye pini huku wimbo ukilia. Sauti ikikatika na kurudi, waya umekatikia hapo, na hapo ndipo pini mpya ina maana. Kama haibadiliki, fanya vivyo hivyo pale waya unapoingia kwenye kikombe cha sikio.

Na zigeuze, kulia ukuvae kushoto. Kimya kikibaki sikio lilelile, muone daktari wa masikio.

Nimelehemu pini mpya. Ala zinasikika, lakini mwimbaji kama yumo mtungini.

Waya wa pamoja haujashika. Ukikosekana, umeme wa kushoto hauna njia ya kurudi ila kupitia spika ya kulia, kwa hiyo kila sikio husikia tofauti ya pande mbili. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida imo sawasawa pande zote, na sawa ikitolewa sawa hubaki sifuri. Mwangwi wake ndio unaousikia.

Chukua maltimita, yaani kipima umeme, weka kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Kwenye pini ya milimita 3.5 yenye pete tatu nyeusi, mpangilio wa kawaida wa siku hizi ni huu: ncha ni kushoto, sehemu ya chuma inayofuata ni kulia, ya tatu ni ya pamoja, na shina ni maikrofoni. Kwa hedifoni ya omu 32, ncha hadi ya tatu isome kama 32. Isiposoma kitu, huku ncha hadi ya pili ikisoma kama 64, umepata jibu.

Sababu karibu kila mara ni vanishi. Nyaya hizo nyembamba zimepakwa rangi isiyopitisha umeme na kusukwa pamoja na uzi wa nailoni; ukizigusisha tu risasi ya kulehemu haishiki. Zamisha ncha ya waya ndani ya tone la risasi iliyoyeyuka, sekunde 2 au 3, hadi ing'ae, ndipo uiunganishe. Rangi nazo zisikudanganye: nyekundu huwa kulia, kijani au buluu kushoto, ya shaba ni ya pamoja, lakini si kila kiwanda hufuata. Pima.

Kama hukulehemu chochote na hali ni hiyohiyo, bonyeza kitufe cha maikrofoni usikiachie. Mwimbaji akirudi, pini na tundu ni vya mipangilio miwili tofauti. Tafuta adapta.

Tundu linakwaruza. Nitie mafuta ya cherehani?

Usithubutu.

Spika mbili mpya, besi hamna kabisa. Niongeze sabufa?

Acha pesa zako. Spika moja umeifunga kinyume: ya kulia ikisukuma hewa, ya kushoto inaivuta, na besi zinauana. Zima amplifaya, geuza chanya na hasi kwenye spika moja tu. Ukigeuza zote mbili umerudi ulipoanza, na wengi hufanya hivyo.

Alama zikiwa zimefutika, chomoa spika kwenye amplifaya, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye vituo vyake kwa sekunde moja. Koni ya besi ikiruka kuja nje, chanya ya betri imegusa chanya ya spika. Ikizama ndani, ni kinyume. Na sokota vizuri ncha za waya: uzi mmoja uliochomoza ukigusa wa jirani unaweza kuua amplifaya.

Naweza kuunganisha kushoto na kulia ili nitumie spika moja?

Kwenye vituo vya spika vya amplifaya, kamwe. Kwenye laini ya mawimbi madogo, yaani kabla ya amplifaya, ndiyo, lakini kila upande upitie rezista (kizuizi cha umeme) yake ya kilo-omu 1.

Nikiingia mkutanoni, hedifoni ya Bluetooth inatoa sauti ya simu ya zamani.

Haijaharibika. Maikrofoni yake ikiwashwa, Bluetooth ya kawaida huhama kwenda njia ya mazungumzo, ambayo ni ya mono na nyembamba. Chagua maikrofoni ya kompyuta, hedifoni ibaki ya kusikilizia.

Kipande kimoja cha masikioni kina sauti ndogo kuliko kingine.

Nta. Vua mpira, elekeza wavu chini, pitisha mswaki mkavu laini. Usiloweshe kwa spiriti. Itayeyusha nta na kuibeba hadi ndani, ambako mswaki haufiki.